Kadi Zenye Jina Moja

Jumatano, tarehe 19 Februari. Asubuhi ilikuwa ya mvua iliyochanganyika na theluji, baridi ya kuuma vidole, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka juu ya mapaa. Basi la kanisa letu lilikuwa na kifutio kimoja cha kioo kilichofanya kazi, cha upande wa dereva. Kwa hiyo Hobart, aliyekuwa anaendesha, aliiona njia, na sisi wengine tulimtegemea Mungu.

Tulikuwa watu ishirini na wawili kutoka wilaya ya Sandlick. Tulivaa fulana za zambarau juu ya makoti, kwa sababu chini yake zisingeonekana. Kila mwaka, mwezi wa pili, watu kama sisi hukusanyika kwenye jengo la bunge la jimbo: tulioacha dawa za kulevya, walioacha pombe, waliougua akili wakapata nafuu, na ndugu wa wale ambao hawakupata. Tunazungumza na wabunge, tunawapa vipeperushi, tunawaonyesha kwamba tupo na tunapumua.

Aliyetukusanya ni Rosalyn Tackett, mkuu wa elimu wa Umoja wa Kupona wa jimbo letu. Yeye mwenyewe hajawahi kutumia kitu. Aliingia kazi hii baada ya kumzika kaka yake. Amezunguka kila wilaya kwa gari dogo lenye mlango mmoja wa rangi tofauti, akiwafundisha polisi, walimu, wachungaji na wenye maduka jinsi ya kumpulizia dawa puani mtu aliyezidisha dawa za kulevya, na jinsi ya kumwita kwa jina lake badala ya kumwita teja.

Mwaka huu hatukuja kupunga mikono tu. Kulikuwa na muswada mbele ya Kamati ya Afya, na ile ilikuwa siku ya mwisho ya kamati kuupigia kura. Usipopita siku hiyo, umekufa mpaka mwaka mwingine, pengine na zaidi. Muswada wenyewe ulikuwa mfupi. Ulisema kwamba mtu aliyewahi kufungwa kwa kosa la dawa, akikaa miaka kumi bila kosa jingine, aruhusiwe kupewa leseni ya msindikizaji, yaani yule anayekaa na mgonjwa wa uraibu tangu hospitali mpaka asimame mwenyewe. Sheria iliyokuwapo ilikataa. Ilikataa kwa maisha yote.

Mimi naitwa Ardith Cantley. Miaka kumi na tisa iliyopita nilighushi karatasi ya daktari ili nipate vidonge. Nilianza kuvimeza baada ya kuumia mgongo katika jiko la shule nilikokuwa napika, na wakati huohuo moyo wangu ulikuwa umezimika, ule ugonjwa wa huzuni ambao nyumbani kwetu tuliuita uvivu. Nilifungwa miezi kumi na moja. Nililazwa wiki sita katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kisha Mungu akanitoa, polepole, kama mtu anavyotoa mwiba. Sasa ni miaka kumi na saba sijagusa kitu. Nilimaliza sekondari kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka hamsini na mbili, halafu nikasoma kozi ya wasindikizaji, nikafaulu. Cheti kipo ukutani sebuleni. Leseni sina.

Mwezi wa kumi na moja mwanamke mmoja wa Sandlick, ambaye sitamtaja, alizidisha dawa, akapelekwa hospitali mchana, akazinduka, akaomba niitwe. Nilifika baada ya dakika ishirini. Nikazuiwa kwenye mlango wa kioo. Muuguzi hakuwa na ubaya. Aliniuliza leseni, nikasema sina, akasema basi haruhusiwi kuniingiza. Nilisimama pale nikimwona yule mwanamke upande wa pili, na yeye akiniona. Tukapungiana. Jioni nikaambiwa ametoka kwa mlango wa nyuma, peke yake, na soksi za hospitali tu miguuni. Mpaka leo sijui yuko wapi. Namwombea kila asubuhi kabla sijapiga mswaki.

Ndiyo maana muswada ule ulikuwa wangu kama koti nililovaa.

Ndani ya basi Rosalyn aligawa kadi ngumu za njano. Ukitaka kusema mbele ya kamati, unajaza kadi: jina, mji, unaunga mkono au unapinga. Tuliandika magotini, basi likirukaruka, Hobart akitafuna mkate uliojazwa soseji kwa mkono mmoja.

"Hobart, mikono miwili!" nilimwambia.

"Dada Ardith, mmoja wa usukani, mmoja wa kifungua kinywa. Hiyo ni miwili."

Tulifika, tukapita kwenye ukaguzi, tukapeleka kadi kwa karani wa kamati, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Tukakaa kwenye benchi za ukumbi wa mawe. Saa mbili na nusu nikamwona karani anakuja na kadi zetu mkononi. Hakuwa na uso wa habari njema.

"Mama Tackett," alimwambia Rosalyn, "hizi siwezi kuzipokea."

"Kwa nini?"

"Zina jina moja moja." Akavaa miwani, akaanza kusoma. "'Ardith C.' 'Dixie.' 'Dixie wa pili.' Hapa kuna mtu ameandika 'Hobart Mnene.'"

"Ni mimi," Hobart akasema.

"Naona."

Watu walicheka, lakini mimi sikucheka. Niliona kosa letu palepale. Katika vyumba vyetu vya mikutano ya kupona, chini ya makanisa, kwenye viti vya kukunja, hakuna mwenye jina la ukoo. Ndiyo kanuni yetu ya kwanza, nayo ndiyo inayomfanya mkurugenzi wa benki akae karibu na mchimba makaa, wote wakalia. Miaka kumi na saba kila nilipoulizwa jina nilisema Ardith, au Ardith C., basi. Wakiwa wawili wenye jina moja tunaongeza herufi au neno. Kwa hiyo tulipopewa kadi inayouliza jina, mikono yetu yote ishirini na miwili iliandika jinsi ilivyozoea. Rosalyn, ambaye hakuwahi kukaa katika viti vile, hakufikiria kutuonya.

"Kanuni inataka jina kamili na mji," karani akasema. "Kikao kinarushwa moja kwa moja, na kila jina linaingia kwenye kumbukumbu za jimbo. Kadi zinafungwa saa tatu kamili. Baada ya hapo, hata angekuja gavana." Akaweka kadi mpya juu ya benchi. Aliziweka taratibu, zimepangwa sawasawa, na nikamwombea mema kimoyomoyo, kwa sababu angeweza kuzitupa tu zile za kwanza na kwenda kunywa kahawa.

Rosalyn alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. "Jamani, nisameheni. Hili ni langu. Sikilizeni, hakuna anayelazimishwa. Mwenye kazi, mwenye kesi ya watoto mahakamani, asiandike. Tutatafuta njia nyingine."

"Njia gani?" Dixie mmoja akauliza.

Haikuwapo. Wapinzani wa muswada walikuwa wamejaza kadi tisa, zote kamili.

Tukatazamana. Mmoja alisema bosi wake hajui. Mwingine alisema mama mkwe wake anaangalia vikao vya bunge kama watu wengine wanavyoangalia mpira. Hobart alichukua kadi, akaigeuza, akahema.

"Jina langu kamili ni Hobart Percival Lilly," alisema. "Mama yangu alinipenda kwa namna yake. Atakayecheka anarudi Sandlick kwa miguu."

"Percival?" wakasema Dixie wote wawili kwa pamoja.

"Na viatu vyenu ni vya kitambaa," Hobart akasema, akaanza kuandika.

Mimi nilichukua kadi nikaenda kusimama karibu na dirisha. Sikuwa na bosi wa kumwogopa. Nilikuwa na Tressa.

Tressa ni binti yangu. Anafundisha darasa la tatu katika shule ileile nilikokuwa napika, na bado anatumia jina la Cantley. Alikuwa na miaka kumi na minne nilipofungwa. Watoto wenzake walimwekea vidonge vya peremende ndani ya dawati mwaka mzima. Nilipoanza kwenda kusema makanisani na mashuleni, aliniomba jambo moja tu: "Mama, jina la kwanza linatosha." Nami nilimkubalia. Sasa ningelitamka jina lake pamoja na langu mbele ya jimbo zima.

Niliomba kwa ufupi: Bwana, unipe maneno au uninyamazishe. Kisha nikapiga simu.

"Mama? Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi limeanguka?"

"Basi ni zima. Tressa, nisikilize."

"Harakisha, niko zamu ya mabasi ya watoto, vidole havipo tena kwa baridi. Wewe! Usisukumane hapo! Si wewe, mama. Haya, sema."

Nikamweleza kuhusu kadi, jina kamili na kikao kinachorushwa. Nikasikia injini ya basi la shule na kelele za watoto.

"Ulisema jina la kwanza tu," akasema.

"Nilisema."

"Ina maana mzazi mmoja akisikia, saa sita wote wamesikia. Jumatatu nina kikao na wazazi, mama. Unanijia na hili leo?"

"Leo ndiyo siku ya mwisho ya muswada."

"Ukiniomba ruhusa nitakataa. Halafu utafanya hivyohivyo. Kwa hiyo usiniombe."

"Siombi ruhusa, mwanangu. Nimekupigia ili usilisikie kwa mtu mwingine kabla yangu."

Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na mbili kabla ya saa tatu.

"Yule mwanamke wa hospitali," akasema. "Wa soksi. Mtoto wake yuko darasani kwangu. Ulijua?"

Sikujua.

"Kila siku ananiuliza kama kuna barua." Akavuta pua, sijui ni baridi au nini. "Andika. Na ukifika mbele ya maiki usigugumie, usilimeze jina. Cantley. Lote. Kama unalitamka kwa mtu asiyesikia vizuri."

"Asante, mama yangu," nilimwambia, kama ninavyomwita tangu akiwa mdogo.

"Nakwenda, kuna mmoja analamba nguzo ya chuma."

Niliandika ARDITH CANTLEY kwa herufi kubwa, mwandiko wangu mzuri wa masomo ya jioni, mstari wote. Kadi zilipofungwa zilikuwa kumi na nne. Wanane hawakuandika, na hakuna aliyewanung'unikia. Waliingia kwenye chumba cha kamati pamoja nasi, wakakaa safu ya nyuma na fulana zao.

Kila shahidi alipewa dakika mbili. Wapinzani walisema kwa adabu. Mmoja alisema mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na mtu asiye na doa. Hobart alitumia dakika moja na nusu kueleza jinsi alivyopona, na nusu iliyobaki akamshukuru karani. Kisha nikaitwa mimi.

"Ardith Cantley," nilisema kwenye maiki, na sauti ikarudi kutoka kwenye dari. "Wa Sandlick. Naunga mkono."

Nilisoma karatasi yangu. Nilikuwa nimeiandika mara tatu na kukata kila sentensi iliyokuwa na majivuno. Nilisema kuhusu jiko, mgongo, ile karatasi ya kughushi, gereza, hospitali ya akili. Nilisema kuhusu mlango wa kioo na mwanamke tuliyepungiana naye. Sikumtaja. Nilimaliza kabla ya kengele na nikaona mwenyekiti, mama wa makamo mwenye mvi zilizokatwa fupi, ameweka kalamu chini.

Mbunge mmoja aliyeketi upande wa kushoto, Bwana Estep, akawasha maiki yake.

"Mama Cantley, nakushukuru kwa ujasiri. Nina swali moja. Tukikupa leseni, utakaa na watu dhaifu kuliko wote, mahali palipojaa dawa. Je, unaweza kuiahidi kamati hii kwamba hutarudia tena kamwe?"

Nilijua jibu analotaka, na nilijua kwamba neno moja tu, ndiyo, lingetosha. Rosalyn alikuwa ameketi pembeni, macho yake yananisihi. Miaka yake saba ya kuzunguka na lile gari ilikuwa imelala juu ya meza ile, na leseni yangu, na mlango ule. Nikafumba macho kidogo. Watu walidhani nimeishiwa. Nilikuwa naomba nisidanganye.

"Hapana, mheshimiwa," nilisema. "Siwezi."

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Bwana Estep akainamisha kichwa kama mtu aliyepokea chenji yake sawasawa.

"Asante, mama. Sina swali jingine."

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, ingawa zamu yangu ilikuwa imekwisha, "naomba nimalize."

"Endelea."

"Nimekaa miaka kumi na saba kwenye viti vya kukunja. Nimewasikia wengi wakiapa kuacha dawa kwa maisha yao yote, wanalia, wanashika Biblia. Baadhi yao nimewazika. Hakuna aliyepona chumbani kwetu kwa kuahidi maisha yake yote. Anayekaa na mgonjwa anatakiwa kuwa mkweli kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mgonjwa wa uraibu anaunusa uongo, ameishi humo. Nikiwadanganya ninyi hapa ili nipate leseni, nitakuwa nimeghushi karatasi ya pili."

Mwenyekiti alimtazama Bwana Estep, kisha akanitazama mimi.

Niseme mapema yaliyotokea baadaye, ili nisije nikasahau kwa furaha. Muswada ulitoka kwenye kamati saa sita kasorobo kwa kura kumi na mbili dhidi ya sita. Bwana Estep alikuwa katika wale sita. Nilimpa mkono koridoni, na sina kinyongo naye. Hobart alilia hadharani akasema ni mafua. Bado kulikuwa na kura za mabaraza yote mawili ya bunge mbele yetu, lakini siku hiyo tulirudi Sandlick tukiimba, kifutio kimoja kikifanya kazi ya viwili. Hata hivyo si kura ninayoikumbuka zaidi. Ninakumbuka kilichofuata palepale mezani.

"Basi, Mama Cantley," mwenyekiti alisema, "tuambie unachoweza kuahidi. Karani ataandika."

Mashahidi husema wakiwa wameketi. Mimi nilisimama. Nyuma yangu nikasikia viti vinakwaruza sakafu, kwanza kimoja kizito, ambacho bila shaka kilikuwa cha Hobart, halafu vingine, mpaka safu ya nyuma kabisa ya wale wanane. Sikugeuka kuwatazama, ila nilihisi joto lao mgongoni, na sijawahi kujivunia watu kama nilivyojivunia watu wangu saa ile. Karani alishusha miwani yake puani, akashika kalamu, akanisubiri.

"Mimi, Ardith Cantley wa Sandlick," nilisema, taratibu, kila neno lisikike, "naahidi mbele za Mungu na mbele yenu nyote: leo sitatumia. Na leo, mtu yeyote akiniita, nitakwenda."